Gari Lililokataa Kuwaka

Kuku aliliwa Jumamosi, lakini hadi Jumanne asubuhi alikuwa bado anazungumzwa.

"Firigisi ya hii nyumba ulimpatia nani?" Mama Cornelius aliuliza.

Hakuinua hata macho. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni pa jikoni akichambua mboga ya mrenda, na swali alilitoa kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Jescah, mke wa marehemu mwanawe, alikuwa sebuleni kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga pedali kama asiyesikia. Alikuwa amesikia vizuri sana, na mshono ukaenda upogo.

"Jescah. Nakuuliza."

"Nilipakua tu, Mama. Sikufikiria."

"Hukufikiria." Mama alitupa kikonyo cha mboga uani. "Cornelius alikuwa anakulanga firigisi kwa hii meza. Alipoenda, ukawa unaniwekea mimi, na mimi nakula nikilia, hiyo unajua. Sasa Jumamosi naangalia, naona iko kwa sahani ya mtu wa kununua gari. Mtu wa kununua gari, Jescah! Na hata hajanunua."

Jamani, ziko nyumba ambako firigisi ni kipande cha nyama tu. Lurambi si huko. Huku ukimpakulia mwanamume firigisi mbele ya watu, umeshasema neno hata kama mdomo umeufunga. Na Jescah alijua. Alizaliwa huku, akaolewa huku, na Jumamosi ile mkono wake ulipoinua upawa alijua fika unaelekea kwa nani. Aibu ilimshika kipande kilipotua kando ya ugali wa mgeni, lakini kukirudisha sufuriani kungekuwa aibu mara mbili.

"Huyo mtu anakujanga kwa sababu ya gari, ama kwa sababu yako?"

"Gari, Mama."

"Gari haiwaki."

"Ndiyo maana anakuja."

Jibu lilimtoka haraka kuliko alivyotaka, na uso ukamwaka moto. Maana hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, na Mama hakujua ni kweli kiasi gani.

Gari lilikuwa uani, ndani ya banda la mabati: Alfa Romeo ya kizamani kutoka Italia, ya viti viwili, ile aina isiyo na paa la chuma, paa lake ni turubai la kukunja. Zamani lilikuwa jekundu. Cornelius alilikuta Kitale likiwa makao ya kuku, akalinunua kwa kichekesho cha bei, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe. Jumapili alikuwa akimpakia Jescah humo wakaenda kanisani wakiwa wazi hivyo hivyo, kitambaa chake cha kichwa kikipepea, watoto wa jirani wakikimbia nyuma kwa kelele. Halafu homa ikamshika Cornelius wiki moja, ikamchukua. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu gari likiwa pale pale alipoliacha.

Mama ndiye aliyesema liuzwe. "Kila asubuhi nikifungua dirisha naona kama ametoka tu kidogo," alisema. "Iondoke, nami nipone."

Jescah akapiga picha, akaiweka mtandaoni, na ndipo akaja Weldon.

Weldon alikuwa mtu wa Lugari, mfanyakazi wa ofisi ya maji mjini Kakamega, aliyepanga vyumba viwili kule Shirere katikati ya wanafunzi wa chuo. Mrefu, mpole, mwenye macho yanayoanza kucheka kabla ya mdomo. Walielewana upesi: ataleta betri, atalitengeneza mwenyewe siku za Jumamosi, na siku litakapowaka atalipa aondoke nalo. Siku ile ya kwanza alikunywa chai, akafungua injini akachungulia kila kona, akacheka neno moja alilosema Jescah, neno ambalo hata halikuwa la kuchekesha. Alipofika langoni akageuka. Akageuka tena.

Jioni ile Jescah alifanya jambo ambalo hata kumweleza dada yake wa toka nitoke, angefunika uso kwa aibu.

Ndani ya injini ya gari kama lile kuna kidude cheusi, kidogo kama kidole gumba, kinachokaa chini ya kifuniko. Mafundi hukiita rota. Kikitoka, gari litakohoa vizuri tu, lakini haliwaki hata ulisukume hadi Mumias. Cornelius alikuwa akikitoa kila usiku kwa kuogopa wezi, na alimfundisha mkewe kukitoa na kukirudisha. Basi Jescah aliingia bandani, akainua boneti, akakitoa. Akakitia ndani ya mkebe wake wa vifungo, akachanganya vifungo juu yake.

Wiki moja tu, alijiambia. Aje mara moja tena, halafu nitakirudisha.

Lo! Mara moja ilizaa nyingine. Weldon alibadilisha plagi, akabadilisha waya, akafungua kabureta akaiosha kwa petroli hadi vidole vikachubuka. Jescah akawa anakaa juu ya tairi kuukuu akishona turubai jipya la paa, wanazungumza. Alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu tangu mazishi. Jumamosi moja hata alimshonea kifungo cha mfuko wa shati, shati likiwa mwilini, vidole vyake vikihisi moyo wa mtu ukipiga chini ya kitambaa. Mfukoni mlikuwa na kitu kigumu. Hakuuliza ni nini. Alikuwa na shughuli ya kutafuta pumzi.

Na kila Jumamosi usiku alilala akijichukia. Aliona vile vidole vilivyochubuka. Alimsikia Mama akifungua dirisha lake asubuhi, kisha kimya, kisha dirisha likifungwa tena. Mara mbili aliuendea mkebe, na mara mbili akarudi kitandani.

"Kuna mtu langoni," Mama alisema sasa. "Na leo si Jumamosi."

Alikuwa Weldon. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na nguo za ofisi, bila mkoba wa vifaa, na hakuwa na lile cheko la macho. Alimsalimia Mama kwa kuinama, akasimama kando ya banda bila kuliangalia gari.

"Karibu," Jescah alisema. "Mbona leo?"

"Sikai. Nimekuja kuwaambia nyinyi wenyewe, nisiwaambie kwa simu. Gari sitalinunua tena."

Jescah alisogea karibu. "Umechoka nalo?"

"Hapana." Alivuta pumzi. "Mzee wangu amerudishwa nyumbani jana kutoka hospitali. Daktari amesema tumkalishe na watu wake."

Hakuna mtu wa huku asiyejua maana ya maneno hayo. Hata Mama, kule kwenye kigoda, aliacha kuchambua mboga.

"Pole, Weldon. Pole sana. Hukuniambia mzee ni mgonjwa."

"Sikukuambia mengi." Sasa aliligeukia gari, akaweka kiganja kwenye boneti taratibu. "Mzee alikuwa dereva, Jescah. Lugari kulikuwa na mkulima mmoja Mzungu, mzee wangu akiwa kijana akaandikwa kazi kwake. Gari alilokuwa akiendesha ni hili."

"Kama hili?"

"Hili. Namba hii hii. Sisi watoto wake tulijua namba ya hili gari kabla hatujajua kuhesabu, alikuwa akituimbia kama wimbo. Mzungu alipohama akaliuza, mzee alilia mbele ya mama yangu. Nilipoona picha yako kwenye simu, nikaona namba, nikapiga ukelele ofisini watu wakadhani nimefiwa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nikamwambia, Baba, nalileta hapa nyumbani. Utakaa kwenye usukani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi anaomba kuvalishwa koti. Anakaa nje, anaangalia barabara. Dada yangu Winrose akimwambia Weldon amesema halijawaka, anasema, basi wiki ijayo. Jumamosi iliyopita alikuwa hospitali. Winrose ananiambia hata huko aliomba koti."

Akilini Jescah alimwona mzee ambaye hajawahi kukutana naye, amevaa koti juani, shingo ameinyoosha, na Jumamosi hizo hizo yeye yuko hapa juu ya tairi anacheka, anapakua firigisi. Mungu wangu! Kumbe hakuwa ameficha kidude cha gari. Alikuwa ameficha siku za mtu, na siku zenyewe zilikuwa chache.

"Ningoje," alisema. "Usiende. Tafadhali usiende."

Alikimbia ndani. Akaunyakua mkebe kwa haraka hata ukafunguka njiani, vifungo vikatawanyika mlangoni, vyekundu, vyeupe, vya makoti ya shule. Akapiga magoti akapapasa. Aliporudi bandani alikuwa amekunja ngumi, na mbele ya Weldon akaifungua.

Weldon aliiangalia ile rota.

"Niliitoa mimi," Jescah alisema, machozi yakimtiririka. "Siku ile ya kwanza, ulipoondoka. Hakuna kingine kilichoharibika kwenye hili gari. Plagi, kabureta, vyote ulivyofungua vilikuwa vizima. Ni mimi. Nilitaka urudi. Nilijua likiwaka utalipa, utaenda, nami nitabaki na banda tupu. Nitukane, Weldon. Nipige kofi ukitaka. Baba yako alikuwa ananingoja mimi, mimi ndiye niliyemkalisha juani."

Alingoja atukanwe. Badala yake aliona mkono wa Weldon ukienda polepole kwenye mfuko wa shati, ukafungua kile kifungo alichokishona yeye mwenyewe, ukatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi. Weldon akakifungua, akakiweka juu ya boneti.

Ilikuwa rota. Mpya kabisa.

"Siku ya kwanza nilifungua kifuniko, nikaiona imekaa," alisema kwa sauti ya chini. "Jumamosi ya pili nikafungua, haipo. Mwizi gani anaiba rota anaacha tairi? Nilijua ni mtu wa humu ndani, na nilijua si Mama." Akaigusa ile rota mpya. "Kabla wiki ile haijaisha nikaagiza nyingine Nairobi. Nimekuwa nikija nayo mfukoni kila Jumamosi. Ningeiweka tu, gari liwake, nilipe, niende. Nilikuwa nikilala chini ya hili gari nikifungua nati na kuzifunga zile zile, Jescah, ili nikusikie ukizungumza."

"Lakini... mzee..."

"Ndiyo. Wewe hukujua kuhusu mzee. Mimi nilijua." Uso wake ulijikunja. "Kila Jumamosi nilijiambia, bado ana nguvu, bado anakula, wiki ijayo. Nilikuwa nikimpigia simu nikiwa hapa, rota iko mfukoni, namwambia Baba, limekataa kuwaka. Nilimdanganya baba yangu kwa sababu ya chai yako. Sasa niambie, ni nani wa kupigwa kofi?"

Walisimama wakitazamana, na kati yao rota mbili. Kama ingekuwa siku nyingine, hayo yangekuwa maneno matamu kuliko yote ambayo mwanamke yule aliwahi kuambiwa. Siku ile yalimchoma. Kupendwa kiasi kile, na ndani yake kuna mzee mwenye koti!

"Weka," Jescah alisema.

"Ipi?"

"Ya Cornelius."

Weldon aliikaza mahali pake, akafunga kifuniko. Akaingia, akageuza ufunguo. Gari likakohoa, likakohoa tena, halafu likanguruma, moshi mweusi ukajaa banda, kuku wa jirani wakatawanyika.

Mama Cornelius alikuwa amesimama. Mrenda ulikuwa umemwagika miguuni pake. Mlio ule ulikuwa ukimletea mwanawe nyumbani kila jioni, na alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, midomo ikimcheza.

Weldon alishapiga simu. "Winrose! Amelala? Mwekee simu sikioni. Mwekee tu!" Akainyoosha simu kuelekea kwenye injini. Kisha akaweka sauti kubwa, wakasikiliza wote. Mwanzoni kulikuwa na kuhema tu. Halafu ikaja sauti nyembamba, ya mbali, lakini yenye ukali wa dereva wa kazi.

"Asikanyage mafuta hivyo. Mwambie. Hilo halitaki nguvu, hilo linabembelezwa."

Weldon aliinamia usukani, mabega yakamtikisika. "Nalileta, Baba! Nakuja nalo sasa hivi!"

"Turubai halijaisha," Jescah alisema. "Liko kwenye cherehani. Utaenda wazi."

"Utaenda?" Weldon aliuliza. "Au tutaenda?"

Huo ndio ulikuwa mtihani. Barabara ya Webuye, ndiyo ya kwenda Lugari, inapita katikati ya Lurambi. Bodaboda wote wa stendi, akina mama wa sokoni, watu wa kanisa, wote wangemwona mjane wa Cornelius ndani ya gari la Cornelius kando ya mwanamume mwingine, bila hata kitambaa cha paa cha kumficha. Jescah alimgeukia Mama.

Mama alikuwa ameshafika. Alikuwa ameviona vifungo mlangoni, ameisikia kila sentensi.

"Kumbe ilikuwa ndani ya nyumba yangu," alisema. "Mimi nafunga dirisha kila siku nikilia, na wewe ilikuwa kwa mkebe wako."

"Mama, nisamehe."

"Leo siwezi. Usiniombe leo."

"Mama, kuhusu malipo..." Weldon alianza.

"Nani amekuuliza pesa? Baba yako anakungoja, wewe unaniletea hesabu?" Akafungua leso kiunoni, akampa Jescah bila kumtazama. "Funga kichwa. Hiyo gari iko na upepo mbaya." Ndipo akamtazama, na Jescah akaona kitu ambacho hakukifikiria hata siku moja kwenye yale maneno yote ya firigisi. Akaona hofu. "Utarudi?"

"Nitarudi, Mama."

"Nenda basi."

Wakatoka. Stendi ya Lurambi ilinyamaza walipopita, kisha ikalipuka kwa miluzi. Jescah hakuinamisha kichwa. Alikaa wima kwa leso ya mama mkwe wake, aonekane na kila mwenye macho, akasema moyoni kwamba kuanzia leo hatamficha mtu huyu kitu tena, hata kiwe kidogo kama kidole gumba.

Wakapita Malava, miwa pande zote mbili. Weldon aliendesha taratibu kama alivyoagizwa, akilibembeleza gari kwenye kila kona. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba walizungumza kwa kupaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalikuwa yameanza kucheka.

"Atanitoa kwenye usukani!" alisema. "Utaona! Hata kama hawezi kusimama, atanitoa!"

Simu ikalia. Ilikuwa mapajani mwa Jescah. Weldon akamwashiria apokee, yeye kwa upepo ule asingesikia.

"Haloo? Ni Jescah."

"Dada." Ilikuwa sauti ya Winrose, tulivu mno. "Mwambie Weldon asikimbize gari. Mje tu polepole."

Jescah alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Baada ya kusikia ile injini alituomba koti," Winrose alisema. "Tukamvalisha. Tukamfunga vifungo vyote. Alikuwa ananiuliza kama mmefika Malava." Nyuma yake sauti ya mwanamke ilipaa kwa kilio, ikafuatwa na nyingine, na simu ikakatika.

"Amesema nini?" Weldon aliuliza, macho barabarani, tabasamu bado liko. "Ameshavaa koti?"

Kulikuwa na mwendo mrefu mbele. Angeweza kumwachia mwendo huo. Angeweza kusema ndiyo, ameshavaa, na isingekuwa hata uongo, na mtu huyu angeendesha gari la baba yake kwa furaha hadi langoni kwao. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, tamu, la huruma, linalofanana sana na yale mengine yote ya kuficha.

"Weldon," alisema, akamshika mkono. "Egesha gari kando."

Weldon alimgeukia. Alimwangalia usoni muda wa kutosha, na mguu ukaondoka kwenye mafuta wenyewe. Gari likasimama kando ya miwa. Injini iliendelea kunguruma, nzima kabisa, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kunyoosha mkono kuizima.